Waridi la Kolwezi na waridi la Inka: nitajuaje kama ni rodokrosaiti?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni sonara, nafanya kazi kwenye karakana ya baba hapa Tanga. Kaka yangu ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Kongo kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Safari iliyopita aliniletea jiwe alilonunua Kolwezi: bonge la mwamba wa kahawia lenye mabaka meusi na kijani kidogo pembeni, na juu yake zimejaa fuwele ndogondogo za waridi kali sana, zinametameta kama sukari. Aliyemuuzia alimwambia ni rodokrosaiti. Wiki hiyohiyo nilinunua Dar es Salaam jiwe lililokwisha kukatwa na kung'arishwa, la duara, lenye michirizi ya waridi na nyeupe iliyojizungusha kama tabaka za kitunguu. Nalo nikaambiwa ni rodokrosaiti, "Waridi la Inka" kutoka Argentina. Nikiyaweka pamoja hayafanani hata kidogo. Je, yote mawili yanaweza kuwa madini yaleyale? Nitajuaje bila kupeleka maabara? Na hilo la michirizi linafaa kwa pete? Nina mteja anayetaka pete ya uchumba.

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nianze na ninachokidhani, kisha nikuonyeshe njia ya kunihakiki, maana mimi sijayashika mawe hayo na wewe unayo mezani.

Jiwe la Kolwezi, kwa maelezo yako, nadhani si rodokrosaiti. Nadhani ni kalisaiti au dolomaiti, madini ya ukoo wa chokaa, iliyotiwa rangi na kobalti. La michirizi linaweza kabisa kuwa rodokrosaiti ya kweli, ila kwa jiwe lililokwisha kung'arishwa mimi hukaa kimya mpaka nilipime. Kwa bahati wewe ni sonara: una mizani ya dhahabu, una moto, una boraksi. Kwa swali hili hivyo vitatu vinatosha.

Rodokrosaiti ni kaboneti ya manganizi. Karibu nusu ya uzito wake, asilimia 47.8 ikiwa safi, ni manganizi yenyewe. Jina lake alilitoa Mjerumani Johann Friedrich Ludwig Hausmann mwaka 1813, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi ya waridi, na mawe aliyoyaeleza yalitoka Cavnic, katika nchi ambayo leo ni Romania. Ni ndugu wa tumbo moja na kalisaiti, ile kaboneti ya kalisi inayounda mawe ya chokaa na marumaru. Fuwele zao zimejengwa kwa ramani moja, tofauti ni chuma, kalisi, kobalti, zinki au manganizi inayokaa kwenye nafasi ileile. Undugu huo ndio unaoleta mkanganyiko wote, kwa sababu zaidi ya mmoja wa ndugu hawa anaweza kuvaa waridi.

Tuiangalie hiyo rangi kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyomdanganya kaka yako na ndiyo inayodanganya watu wengi sokoni. Manganizi, katika hali iliyomo ndani ya rodokrosaiti, inapaka rangi kwa unyonge mno. Inahitaji kuwa nyingi sana ndipo jiwe liwe waridi. Fikiria jiwe ambalo karibu nusu yake ni chuma hicho, na bado mwanga unalipenya! Kobalti ni kinyume chake. Asilimia chache tu zikiingia kwenye kalisaiti, jiwe zima linakuwa waridi kali linaloelekea zambarau, rangi inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ukali wa rangi hauthibitishi kwamba kuna manganizi nyingi. Mara nyingi unaashiria kinyume.

Lakini kitu kimoja kobalti chache haiwezi kukiiga, nacho ni uzito. Kalisaiti yenye kobalti kidogo inabaki kuwa kalisaiti, na kalisaiti ni jiwe jepesi. Manganizi ikijaza nafasi zote, jiwe linakuwa zito mkononi. Ndiyo maana mtu akiniletea jiwe la waridi naomba mizani kabla ya kuomba lensi.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Kwanza usijaribu kulipima bonge lote la Kolwezi, kwa sababu utakuwa unapima mwamba na fuwele kwa pamoja na jibu halitakuwa na maana. Tafuta upande wa nyuma, bandua kipande cha waridi tupu, gramu mbili au tatu, ukikisafisha mwamba wote kwa ncha ya kisu. Kipime kikiwa kikavu, uandike. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kishushe ndani ya maji mpaka kizame chote, lakini kisiguse chini wala kingo za glasi. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, umepata uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule.

Mfano: kipande kikavu ni gramu 3.24. Ndani ya maji mizani inasoma 1.18. Gawanya, unapata 2.75, na hiyo ni kalisaiti. Kama kingekuwa rodokrosaiti, mizani ingesoma kama 0.90 na jibu lingekuwa 3.6. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuifunika kwa makosa ya mkono. Adui wa kipimo hiki ni viputo vya hewa vinavyonata kwenye vinyweleo vya jiwe na kulifanya lionekane jepesi. Tia tone moja la sabuni ya maji kwenye glasi, tikisa kipande polepole, subiri dakika moja ndipo usome. Rudia mara tatu. Namba tatu zikikaribiana, ziamini.

Rodokrosaiti safi inafika 3.7. Ikichanganyika na kalisi au magnesi inashuka, lakini ile inayouzwa kama kito kwa kawaida haishuki chini ya 3.4. Kalisaiti ni 2.7 na kitu, dolomaiti 2.85 hivi. Kuna madini ya katikati kati ya kalisaiti na rodokrosaiti, yanaitwa kutnohoraiti, nusu kalisi nusu manganizi, nayo yanakaa kwenye 3.1. Ukipata zaidi ya 4, hapo umekutana na kitu kingine kabisa: kaboneti ya kobalti tupu, yaani sferokobaltaiti, yenye 4.1, au kaboneti ya zinki yenye rangi ya kobalti, ambayo ni nzito zaidi. Kwa jiwe la Kolwezi hilo si jambo la kupuuza, kwa maana sferokobaltaiti imepatikana Katanga, eneo la Kongo ilipo Kolwezi.

Jiwe lako la michirizi halina mwamba, kwa hiyo lipime lote jinsi lilivyo. Maji hayalidhuru. Tuseme lina gramu 8.40. Likiwa rodokrosaiti mizani itasoma kama 2.36 ndani ya maji. Likiwa kalisaiti iliyotiwa rangi itasoma kama 3.10. Na likiwa plastiki, kwa kuwa plastiki tupu haifiki hata 2, utalitambua kabla ya kumaliza kugawanya, na hata likiwa mkononi utalihisi ni jepesi na vuguvugu.

Uzito, hata hivyo, haumalizi kesi. Rodonaiti, jiwe jingine la manganizi lenye waridi, lina uzito uleule wa 3.4 hadi 3.7. Hata spineli ya waridi ya Mahenge, ambayo bila shaka imeshapita karakanani kwenu, ina 3.6. Hapa ndipo kisu kinapoingia. Rodokrosaiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10. Ncha ya kisu cha chuma kizuri inaikwaruza bila kulazimisha, na unga unaotoka ni mweupe. Rodonaiti ni silikati, si kaboneti, ugumu wake 5.5 hadi 6.5, na kisu kikipita juu yake mara nyingi huacha mstari wa kijivu unaofutika kwa kidole, ambao ni chuma cha kisu na si jeraha la jiwe. Spineli, yenye 8, itakata kioo cha dirisha kama siagi, kwazi waridi yenye 7 itakikata pia. Rodokrosaiti haiachi alama kwenye kioo. Kwenye jiwe lililong'arishwa fanya mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele upande wa nyuma, karibu na ukingo, pale ambapo fedha itafunika. Na ule unga usiupulize. Ukusanye kwenye karatasi, tutauhitaji mara mbili.

Kwa macho, rodonaiti kwa kawaida hujitangaza kwa mishipa meusi iliyoikatakata ovyo, kama nyufa zilizojaa wino. Michirizi ya rodokrosaiti iko tofauti: ni tabaka, moja juu ya nyingine, waridi iliyokolea, waridi hafifu, nyeupe, tena waridi, kila moja ikifuata mkunjo wa iliyotangulia. Kuna pia aina ya waridi ya zoisaiti, ambayo ni dada wa tanzanaiti kabisa, naye rangi yake inatokana na manganizi. Lakini ugumu wake unazidi 6, kisu hakimfanyi kitu.

Sasa tindikali, na hapa naomba uwe mwangalifu kwa sababu mbili: macho yako na jiwe la mteja. Usidondoshe tindikali ya aina yoyote juu ya jiwe lililong'arishwa, hata maji ya limau. Tumia unga wa kwenye karatasi au kipande ulichobandua. Kalisaiti ikikutana na tindikali ya chumvi iliyozimuliwa, inatoa povu papo hapo, ikiwa ya baridi, bila kusubiri. Hata siki na ndimu huichokoza. Rodokrosaiti ni mvivu. Kwenye tindikali baridi utaona viputo vichache vinavyopanda polepole, pengine usione kitu mpaka uchukue lensi. Ukiipasha moto kidogo, kwa kuweka kichupa ndani ya kikombe cha maji ya moto, inaanza kuchemka kwa nguvu. Rodonaiti haitoi povu, iwe baridi au moto.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa watu wenye uzoefu. Dolomaiti nayo ni mvivu kwenye tindikali baridi, karibu sawa na rodokrosaiti. Na migodi ya Kolwezi inatoa dolomaiti ya waridi pamoja na kalisaiti. Kwa hiyo kipande chako kikisitasita kutoa povu, mtu anaweza kuruka na kusema "ni rodokrosaiti hiyo!" Rudi kwenye mizani. Kikiwa 2.85 ni dolomaiti, hata kama povu limechelewa.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho masonara wengi hawajui kwamba wana kila kitu cha kukifanya. Chukua waya mwembamba wa nikromu, ukunje ncha yake iwe kitanzi cha milimita tatu. Upashe mpaka uwe mwekundu, uchovye kwenye boraksi, uurudishe motoni. Boraksi itavimba kama povu la maziwa, kisha itatulia na kuwa shanga safi ya kioo ndani ya kitanzi. Hiyo ya kwanza iache ipoe uiangalie: lazima iwe haina rangi kabisa. Ikiwa na rangi, waya wako ni mchafu au boraksi imebeba mabaki ya shaba ya kazi nyingine, anza upya. Ukishapata shanga safi, ipashe tena, iguse kwenye unga wa jiwe ili inase chembe moja tu, ndogo kama punje ya chumvi, uirudishe kwenye ncha ya nje ya moto, ule moto wenye hewa ya kutosha na usio na moshi, mpaka iwe angavu. Iache ipoe.

Manganizi inaipa shanga rangi ya zambarau, zambarau ya amethisti hasa. Kobalti inaipa bluu iliyokolea, bluu ya chupa za dawa za zamani. Hakuna anayeweza kuchanganya rangi hizo mbili. Ukizidisha unga shanga itakuwa nyeusi tii na hutaona kitu, kwa hiyo chembe moja ni chembe moja. Ukitaka uhakika zaidi, irudishe shanga ya zambarau kwenye sehemu ya ndani ya moto ukiwa umepunguza hewa: zambarau ya manganizi itafifia na kupotea, kisha itarudi ukiipa hewa tena. Bluu ya kobalti haiondoki hata ufanye nini. Nimeshawaonyesha vijana wengi jambo hili na bado kila mara nafurahi zambarau ile inaporudi.

Ila elewa shanga inajibu nini. Inakuambia kuna chuma gani, haikuambii ni madini gani. Rodonaiti nayo itatoa zambarau. Kalisaiti yenye manganizi kidogo inaweza kutoa zambarau hafifu. Kijani ulichokiona pembeni mwa jiwe la Kolwezi yawezekana ni malakaiti, ambayo ni shaba, na chembe yake ikiingia kwenye shanga itapaka rangi yake. Kwa hiyo soma shanga ukiwa na namba ya mizani mkono wa pili. Zambarau na 3.5 na kisu kinakwaruza: rodokrosaiti. Zambarau na 3.5 na kisu hakikwaruzi: rodonaiti. Bluu na 2.75: kalisaiti ya kobalti. Bluu na 4.1: niandikie siku hiyohiyo.

Kama karakana yenu ina ile tochi ya kukagulia noti, iwashe gizani juu ya mawe yote mawili. Kalisaiti yenye manganizi kidogo mara nyingi huwaka waridi au nyekundu ya chungwa chini ya mwanga huo, wakati rodokrosaiti yenyewe kwa kawaida inabaki kimya au inaonyesha kidogo sana. Manganizi ikiwa chache inawaka, ikizidi inajizima yenyewe. Kwa jiwe la michirizi, kuwaka kwa nguvu ni dalili mbaya.

Turudi kwa mwamba, maana huo nao unasema. Umeandika kahawia, mabaka meusi, kijani pembeni. Huo ndio mwamba wa ukanda wa shaba wa Katanga: kijani cha malakaiti, weusi wa oksidi za kobalti, na kalisaiti ya waridi juu yake. Mashamba Magharibi hapo Kolwezi, na Kakanda, ni migodi iliyojulikana kwa wakusanyaji wa mawe duniani kwa sababu ya vitu hivyohivyo. Rodokrosaiti ya fuwele ina majirani wengine. Hukaa kwenye mishipa ya fedha, risasi na zinki, pamoja na kwazi, fluoraiti na dhahabu ya wajinga. Mgodi wa Sweet Home karibu na Alma, Colorado, Marekani, ulianza mwaka 1873 ukitafutwa fedha, na fuwele nyekundu zilizotoka humo hazikuwa ndizo zilizowapeleka watu pale. Uliporudi kufunguliwa mwaka 1991, watu waliingia kuzitafuta zenyewe, na mwaka uliofuata wakaipata fuwele inayoitwa Alma King, ambayo imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Denver. Mwaka 2002 jimbo la Colorado likaifanya rodokrosaiti kuwa madini yake rasmi. Afrika nayo ina zake nzuri mno: migodi ya manganizi ya Kalahari, huko Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, kama vile N'Chwaning, imetoa fuwele nyekundu za ncha kali zinazopitisha mwanga.

Na kwa uaminifu lazima niseme, Kongo yenyewe ina rodokrosaiti. Kisenge, magharibi ya Kolwezi kuelekea mpaka wa Angola, kuna machimbo ya manganizi ambako chini ya tabaka jeusi la oksidi imo manganizi ya kaboneti. Lakini hayo ni mawe ya kupelekwa kiwandani, mazito na yasiyong'aa, wala hayavai fuwele za waridi zinazometameta kama sukari. Watu husahau kwamba rodokrosaiti nyingi duniani si nzuri kutazama. Ile ya Moanda, Gabon, imo ndani ya mwamba mweusi wa tope la kale, na hakuna sonara ambaye angeinama kuiokota.

"Waridi la Inka" ni jina la biashara, lakini nyuma yake pana mahali halisi: Capillitas, mkoa wa Catamarca, kaskazini-magharibi ya Argentina. Pale maji yenye madini yalidondoka ndani ya mapango ya mishipa ya mwamba na kujenga nguzo za kuning'inia, kama zile za mapango ya Amboni hapo kwenu, ila hizi ni za manganizi badala ya chokaa. Ukikata nguzo hiyo kama unavyokata muhogo, unaona zile pete ulizozifananisha na kitunguu. Kwa hiyo umbo ulilolieleza ni sahihi. Shida ni kwamba kalisaiti nayo hujenga nguzo zenye pete, na ni rahisi kuichovya kwenye rangi. Chukua pamba yenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, usugue upande wa nyuma. Pamba ikitoka na waridi, umejibiwa. Kisha angalia kwa lensi: rangi ya kuchovya hujikusanya kwenye nyufa na vinyweleo na kufifia katikati ya jiwe, wakati rangi ya rodokrosaiti inafuata tabaka, na ndani ya kila tabaka utaona nyuzi nyembamba zimesimama kuelekea nje kama miale. Jiwe la plastiki lina michirizi laini iliyokorogwa kama aiskrimu, haina nyuzi, na pengine utaona kiputo cha duara.

Fuwele ya rodokrosaiti, na kalisaiti pia, hupasuka pande tatu kwa nyuso bapa, ikatoa kisanduku kilicholala upande. Hiyo inakuthibitishia ukoo tu, haikuambii ni ndugu yupi. Na ukishika fuwele angavu ukaitazama kwa lensi, kingo za upande wa pili zitaonekana mbilimbili. Jambo hilo kwenye spineli halitokei kamwe.

Kuhusu pete: hapana. Najua mteja anataka, na najua jiwe ni zuri. Lakini vumbi la nyumbani lina chembe za mchanga wa kwazi, ugumu 7, na jiwe la 3.5 likifutwa kwa kitambaa kila siku kidoleni litapoteza mng'ao kabla mwaka haujaisha. Likigongwa kwenye meza linaweza kupasuka. Mtengenezee kidani, au herini, jiwe likizungukwa na ukingo wa fedha pande zote badala ya kucha nne. Kama hakubali chochote ila pete, mpe spineli ya waridi.

Halafu kuna hatari ya karakanani kwenyewe. Maliza lehemu yote, tindikali yote ya kusafishia na kung'arisha kote, ndipo uingize jiwe, mwisho kabisa. Rodokrosaiti ikipigwa na moto wa lehemu inaweza kupasukapasuka, inapoteza hewa ya kaboni na kugeuka nyeusi. Ikiachwa kwenye tindikali inaliwa. Niliwahi kuletewa bizimu ya mama mmoja iliyopelekwa mahali fulani kurekebishwa pini, ikatumbukizwa kwenye tindikali usiku kucha jiwe likiwa ndani. Iliporudi jiwe lilikuwa limekufa mng'ao, uso wake kama chaki iliyonyeshewa, na tabaka nyeupe zimeliwa zaidi ya zile za waridi. Ilikuwa kumbukumbu ya mama yake. Hatukuweza kurudisha kitu. Mashine za kutikisa kwa maji na za mvuke usizitumie pia. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa vinatosha.

Mwambie mteja wako pia kwamba jiwe hili lisikae juani dirishani miaka na miaka. Hewa na unyevu huigeuza manganizi ya juu kuwa oksidi, na uso unaanza kuwa kahawia, kisha mweusi. Huo weusi ndio unaowasaidia wachimbaji: ukikuta jiwe lenye ganda jeusi linalochafua vidole, ukalivunja na ndani likawa waridi, una sababu nzuri ya kufikiria manganizi, iwe rodokrosaiti au rodonaiti. Jiwe la Kolwezi lina weusi pia, najua, lakini shanga ya boraksi itakuonyesha weusi huo ni wa nani. Jaribu chembe yake.

Ukisaga au kukata lolote kati ya haya, lisage likiwa limelowa na ufunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi. Vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu linadhuru mishipa ya fahamu, na la kobalti linadhuru mapafu. Na kwenye jiwe la Kolwezi, kama utaona sindano nyembamba za kijani au manjano zilizo tofauti na malakaiti, usilisage kabisa wala usiliweke chumbani. Baadhi ya machimbo ya pale, Musonoi kwa mfano, yana madini ya urani pamoja na shaba, na sindano hizo zinaweza kuwa hayo.

Ukitaka karatasi yenye muhuri ya kumwonyesha mteja, peleka jiwe la michirizi kwenye Kituo cha Jemolojia, Arusha, au maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Mwombe muuzaji wako wa Dar es Salaam akuandikie risiti yenye neno "rodokrosaiti" kabla hujapima. Kama ni mwaminifu hatasita, na kama jiwe si lenyewe utakuwa na cha kumrudia nacho.

Mpe kaka yako pole ya safari. Hata likiwa kalisaiti ya kobalti, bonge lile lisivunjwevunjwe kutafuta vito. Fuwele ni ndogo mno kukata, lakini likiwa zima juu ya mwamba wake, wakusanyaji wa mawe hulipia vitu vya aina hiyo vizuri kuliko vumbi utakalobaki nalo. Ukishapima, niandikie namba ya mizani ya kila jiwe, kisu kilifanya nini, na rangi ya shanga. Nitakujibu kwa mstari mmoja.